Kondo lako limezikwa wapi?

Wadau, wiki jana nilikuwa Mpanda kwa kazi ya gazeti. Nilipelekwa kuangalia zahanati inayojengwa, msimamizi akanitajia kazi zilizobaki: choo, kichomea taka, na shimo la kondo la nyuma. Bibi mmoja aliyekaa kivulini akacheka. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sisi ya watoto wetu tuliyazika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sasa huyu wa shimoni atajuaje kwao?"

Swali hilo nimerudi nalo Dar.

Shuleni kondo tulilichora, tukafaulu mtihani, tukasahau. Lakini ni kiungo cha ajabu jamani. Linajengwa hasa na chembe za yai lililorutubishwa, kwa hiyo ni la mtoto zaidi kuliko la mama, ila limejishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Hapo mtoto anapata oksijeni na chakula, anatoa uchafu, na anapokea kinga ya mama dhidi ya maradhi. Kwa kawaida damu zao hazichanganyiki, zinapita jirani tu. Likifika kama nusu kilo, mtoto anazaliwa, nalo linamfuata dakika chache baadaye. Kazi imekwisha.

Wazee hawakuwa na hadubini, ila hawakulitupa. Walilirudisha ardhini. Ndiyo maana hadi leo mtu akisema kitovu chake kimezikwa mahali, anamaanisha hapo ndipo kwao.

Sasa sikia historia ya bibi huyu. Alitoka Burundi akiwa msichana mwaka 1972, wakati wa mauaji yaliyowakimbiza maelfu ya Wahutu. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa mapori wafyeke: makazi ya Katumba yakaanza 1973, Mishamo 1978, yote katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule (Mkoa wa Katavi wenyewe umezaliwa 2012). Bibi akaolewa Katumba, akazaa wanne, akazika makondo manne. Watoto hao, ambao Burundi hawajawahi kuiona, wakahesabiwa wakimbizi kama mama yao.

Mwaka 2007 waliambiwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi wakachagua Tanzania, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Ila kulikuwa na sharti: wahame, watawanywe mikoa mingine. Yaani uwe Mtanzania, lakini uyaache makaburi, mashamba na ile migomba! Sharti lile baadaye liliondolewa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Miaka 42 tangu wavuke mpaka.

Sipingi shimo la zahanati. Damu ya uzazi inaweza kubeba virusi, na shimo lenye mfuniko linamlinda muuguzi na jirani. Lakini bibi ana hoja. Zamani ushahidi wa kwenu ulikuwa chini ya mgomba na kijiji kizima kilijua. Leo ushahidi ni karatasi, na mtoto asiyeandikishwa hana mgomba wala cheti.

Niliporudi nikampigia mama, nikamuuliza la kwangu liko wapi. Akacheka. "Manesi waliondoka nalo, baba. Kwani unalitakia nini?"

Sikuwa na jibu. La kwako je, unajua liliko?