Risasi za tundu kichwani: zinapimwaje?

Wadau, kwenye sinema za maekisheni mtu akilambwa risasi moja ya bastola anarushwa mita tatu na kuvunja dirisha. Uongo mtupu. Kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha aliyepigwa, ingemrusha pia aliyefyatua. Bastola hufanya kazi kwa kutoboa tu. Swali ni hili: inatoboa kwa kina gani, na tundu la upana gani?

NI RISASI YA AINA GANI?

Risasi ya kawaida ya kijeshi imevikwa koti gumu la shaba na kichwa chake kimeziba. Hii nyingine ina tundu kwenye ncha. Ikiingia kwenye kitu chenye majimaji kama nyama, shinikizo hujaa ndani ya tundu na kichwa kinachanua kama uyoga. Ya milimita 9 inaweza kufikia milimita 14 hivi. Ikishatanuka inafunga breki, kama mtu aliyefungua mwavuli kwenye upepo, kwa hiyo ni vigumu zaidi kupita upande wa pili na kumpata asiyehusika. Ndiyo maana polisi wengi wa Marekani wanaitumia. Polisi wa jiji la New York walitangaza kuhamia huko mwaka 1998.

Ila kuna mtego. Ikichanua mapema mno, inasimama kabla ya kufika inakotakiwa.

MIAMI, 1986

Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wanane wa FBI waliwakabili majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Mapema kwenye mapambano, risasi ya milimita 9 ilipita kwenye mkono wa Platt, ikaingia kifuani, ikachanua vizuri tu, kisha ikasimama karibu na moyo bila kuufikia. Jeraha lilikuwa la kuua, lakini siyo papo hapo. Platt aliendelea kupiga. Maofisa wawili, Ben Grogan na Jerry Dove, waliuawa, na wengine watano wakajeruhiwa. Majambazi wote wawili walikufa palepale.

Baada ya hapo FBI walianza kupima risasi kwa utaratibu maalumu.

JINSI WANAVYOPIMA

1. Jelatini. Unga wa jelatini unachanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa kwa uzito, halafu bonge lake linapoozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Daktari wa jeshi Martin Fackler ndiye aliyeipa njia hii umaarufu, kwa kulinganisha na misuli ya nguruwe.

2. Kuhakiki bonge. Kabla ya kazi, goroli ya chuma ya milimita 4.5 inapigwa kwa kasi ya mita 180 hivi kwa sekunde. Inatakiwa izame kama sentimita 8.5, ikizidi au kupungua sentimita 1. Nje ya hapo, bonge halifai.

3. Vizuizi. Bastola inapigwa kutoka mita 3 hivi: kwanza jelatini tupu, kisha jelatini iliyofunikwa nguo nzito, halafu kupitia bati la chuma, ubao wa jasi, plaiwudi na kioo cha mbele cha gari. Kila jaribio hurudiwa mara kadhaa, maana risasi moja haithibitishi kitu.

4. Vipimo. Wanapima kina, upana wa risasi iliyochanuka, na uzito uliobaki.

KUSOMA MATOKEO

FBI wanataka kina cha inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Utasema mbona kifua cha mtu si kinene hivyo? Kumbuka mkono wa Platt: risasi inaweza kuanza na mkono, au kuingia kwa ubavu.

Nguo na jasi ndivyo vinavyoumbua risasi nyingi. Vipande vyake hujaa kwenye tundu, risasi haichanui, inakuwa kama ile ya kawaida na kuzama mbali kupita kiasi. Kwa hiyo ukiona video ya mtu anapiga jelatini tupu tu na kushangilia, ujue hajamaliza mtihani. Hata jelatini yenyewe haina mfupa, ngozi wala mishipa. Inalinganisha risasi na risasi. Haitabiri mtu atakavyoanguka.

NA SHERIA JE?

Jina la zamani "dumdum" linatokana na kiwanda cha silaha cha Waingereza kule Dum Dum, karibu na Kolkata, India. Si kweli kwamba zinalipuka mwilini. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku risasi zinazotanuka katika vita kati ya nchi zilizoridhia. Mwaka 2010, mkutano uliofanyika Kampala ulipanua Mkataba wa Roma ili kuzitumia kwenye vita vya ndani ya nchi nako kuweze kuwa uhalifu wa kivita.

Kwa hiyo risasi ambayo askari akiitumia vitani anaweza kushtakiwa, ofisa wa polisi wa Marekani anatembea nayo kiunoni, na sababu anayotoa ni kuwalinda wapita njia. Wadau mnalionaje hilo?