Nani Ameshika Mkasi?

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tumezoea kuitumia methali hii tunapozungumzia misiba na mambo mazito. Leo, msomaji mwenzangu, naomba tuichukue kama ilivyo, kwa habari ya nywele hasa.

Mimi ni mwandishi wa hadithi ambazo bado hazijatoka. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo mchana humsaidia dada yangu katika saluni yake: nafagia, naosha vichwa, nashika kioo. Daftari langu hukaa chini ya taulo. Siku moja alikuja mama mmoja wa makamo. Alipovua kitambaa tuliona nywele za kufika mabegani, lakini nyembamba mno, dawa zimezila kwa miaka mingi hata ncha zimebaki kama nyuzi za buibui. Dada akamwambia, "Mama, tuzikate hapa kidevuni, mkato mmoja ulionyooka. Utashangaa zitakavyojaa." Yule mama akajitazama kwenye kioo kwa muda. Halafu akasema, "Ngoja kwanza nimuulize baba watoto."

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Dada amesimama na mkasi, mimi nimesimama na kioo. Mwisho akajifunga kitambaa chake, akaaga, akaenda.

Mkato ule wasusi huuita bobu. Mimi nilidhani ni mtindo tu kama mitindo mingine, unakuja na kuondoka. Lakini simu ile ilinisumbua, nikaanza kusoma historia yake. Kumbe mkato huo umewahi kuleta ugomvi mkubwa, na katika nchi moja watu walikufa.

Tuanze na Ulaya na Marekani, kwenye mwaka 1900 hivi. Wakati ule mwanamke mzima wa huko alitakiwa awe na nywele ndefu, na akitoka nje azifunge juu ya kichwa kama mlima. Hebu fikiria taabu ya mwenye nywele nyembamba! Mlima ataujengaje? Basi mezani kwake, karibu na chanuo, palikuwa na chombo kidogo chenye tundu kwenye kifuniko. Kila nywele iliyong'oka wakati wa kuchana iliwekwa humo. Zikishakuwa nyingi alizifinyanga zikawa kama kijimto, akakiweka chini ya nywele zilizo hai ili kichwa kionekane kimejaa. Yaani alijazia kichwa kwa nywele zake mwenyewe zilizokufa. Hapo bado pini, bado chuma cha moto cha kutia mawimbi, ambacho Mfaransa Marcel Grateau alikianzisha miaka ya 1870. Kuosha na kukausha nywele za namna ile ilikuwa kazi ya kutwa.

Akatokea kijana Mpoland aliyekuwa akifanya kazi Paris, jina lake Antoni Cierplikowski, maarufu kwa jina la Antoine. Mwaka 1909 hivi alimkata nywele fupi mwigizaji Ève Lavallière ili aonekane msichana. Antoine alisema wazo alilipata kwa Jeanne d'Arc, yule binti wa Kifaransa aliyeongoza askari, akachomwa moto mwaka 1431. Na katika mashtaka aliyosomewa Jeanne, nywele zake fupi zilitajwa pamoja na mavazi ya kiume. Kwa hiyo tangu mwanzo mkato huu una jamaa yake mahakamani.

Marekani, mcheza dansi Irene Castle alikata zake miaka ya 1914 na 1915, na wasichana wakamwiga. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawaingiza wanawake viwandani, mahali ambapo nywele ndefu zikinaswa na mashine ni balaa. Vita ilipokwisha mwaka 1918, wengi hawakutaka kurudi kwenye pini na vijimto. Walikuwa wameonja asubuhi ya kuchana mara tatu na kwenda zao.

Sasa tatizo likawa, nani atakata? Wasusi wengi wa wanawake walijua kupasha moto, kusokota na kupanga. Mkasi haukuwa kazi yao, na wengine walikataa kabisa. Ikabidi mabinti waende kwa vinyozi wa kiume, wakae kwenye kiti kile kile alichokalia mzee wa kunyolewa ndevu, huku wanaume wakiwakodolea macho.

Hapo ndipo F. Scott Fitzgerald alipopata hadithi yake "Bernice Bobs Her Hair", iliyotoka katika gazeti la The Saturday Evening Post mwezi Mei 1920. Bernice ni msichana mpole aliyekwenda kumtembelea binamu yake, Marjorie. Marjorie anamfundisha namna ya kupendwa na vijana, na moja ya mbinu ni kutania kwamba atakata nywele. Bernice anapoanza kupendwa kupita kiasi, Marjorie anaona wivu, anamsukuma mbele za watu atimize maneno yake. Bernice anaingia kwa kinyozi kwa kuogopa aibu. Mkato unakuwa mbaya, nywele zimelala bapa usoni, na wale vijana wanamgeuzia kisogo. Usiku ule, kabla ya kuondoka, Bernice anachukua mkasi na kukata misuko miwili ya Marjorie aliyelala.

Nimeisoma hadithi hiyo mara nne. Kama mtu anayejifunza kuandika, naona Fitzgerald alikamata jambo ambalo wahubiri na wahariri wa magazeti hawakuliona. Wao walibishana kuhusu urefu: nywele fupi ni uhuru, nywele fupi ni uhuni. Yeye alitazama mkono. Bernice alikaa kwenye kiti, lakini aliyeshika mkasi hasa alikuwa Marjorie.

Chukua na Mary Pickford. Huyu hakuwa binti wa kutembelea binamu. Alikuwa nyota mkubwa wa sinema, tena mmoja wa waanzilishi wanne wa kampuni ya United Artists mwaka 1919. Alikuwa na fedha zake na sauti yake. Lakini mashavuni zilimning'inia zile nywele za mviringo za kitoto, na watazamaji walizipenda kana kwamba ni mali yao. Mwaka 1927 aliandika gazetini kueleza kwa nini hajazikata. Mwaka uliofuata mama yake alifariki, naye akazikata. Alikuwa na miaka 36. Habari ikatangazwa magazetini kama kifo cha pili. Mtu tajiri kiasi hicho, na bado kichwa kilikuwa cha umma!

Waliokuwa maskini walipata makubwa zaidi. Huko Brooklyn, New York, mapema mwaka 1924, binti wa miaka 20 aliyekuwa akifanya kazi ya kufua nguo aliingia madukani akiwa na bastola, akaiba yeye na mumewe. Jina lake Celia Cooney. Alikuwa mjamzito na hana kitu. Wizi ni wizi, simtetei. Lakini magazeti hayakumwita mwizi tu, yalimwita jambazi wa nywele za bobu, na nywele zikawa ndiyo habari yenyewe. Polisi wakawashuku wasichana mabarabarani kwa sababu ya mkato. Mwezi Aprili walikamatwa Florida. Mtoto alikuwa amekwisha kufa siku chache baada ya kuzaliwa. Celia akahukumiwa kifungo cha miaka kumi hadi ishirini. Magazeti yalijadili kichwa chake kuliko tumbo lake lililokuwa na njaa.

Nilisema watu walikufa. China, miaka ile ya 1920, wanafunzi wa kike walikata nywele kama ishara ya kukataa mambo ya kale. Mwaka 1927 vyama vilipogeukiana na wakomunisti wakaanza kuwindwa, kulikuwa na majimbo ambako nywele fupi peke yake zilitosha kuwa ushahidi. Wasichana waliuawa kwa ajili hiyo. Na Ufaransa mwaka 1944, Wajerumani walipofukuzwa, wanawake wapatao 20,000 walioshutumiwa kushirikiana nao, wengi kwa mapenzi tu, walinyolewa, mara nyingi hadharani watu wakishangilia. Nchi ile ile ya Antoine! Miaka 35 nyuma nywele fupi zilikuwa urembo wa jukwaani, sasa zikawa adhabu. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mkasi.

Na sisi je? Nisije nikaonekana naangalia kibanzi cha jirani. Tanzania mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969. Mawigi, sketi fupi na krimu za kujichubua vikapigwa marufuku. Lililosemwa ni utamaduni, na mengine yalikuwa na hoja, maana zile krimu kweli ziliharibu ngozi. Lakini waliosimamishwa barabarani na vijana wa kiume wakakaguliwa walikuwa zaidi wanawake.

Mimi mwenyewe nilipoingia kidato cha kwanza, shule sitaitaja, tulipangwa mstari tukanyolewa na mashine moja, bila hata kufutwa. Nilikuwa na misuko aliyonisuka bibi usiku wa kuamkia safari, kanisuka kwa taa ya kandili akiniimbia. Ilianguka mavumbini asubuhi ile. Ndiyo, najua sababu: usafi, usawa, tusome. Sikatai. Ila niliposoma kwamba wasichana wa Marekani walilia ili wakatwe, na mimi nililia nisikatwe, nilicheka peke yangu, kisha nikaona hatukuwa tunalilia vitu viwili. Wote tulitaka kuulizwa.

Hata hivyo kushika mkasi hakutoshi. Lazima aliyeushika aijue kazi, la sivyo utatoka kama Bernice.

Baada ya mwaka 1930 mitindo iligeuka, na kufikia miaka ya 1950 wanawake wa Ulaya na Marekani walikuwa wamerudi utumwani kwa mlango wa nyuma: kila wiki saluni, rola kichwani, drayeri, kisha dawa ya kupuliza inayogandisha nywele hadi wiki ijayo. Mwenye nywele nyembamba alichanwa kinyumenyume ili zivimbe, na kuchanwa huko kukazidi kuzikata. Ni kile kijimto cha zamani kwa sura mpya.

Aliyevunja hilo ni Vidal Sassoon, mtoto wa maskini wa London, aliyezaliwa mwaka 1928. Baba aliwakimbia, mama akashindwa, yeye na mdogo wake wakalelewa kituo cha yatima. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa msusi ajifunze kazi. Mwaka 1954 alifungua saluni yake Bond Street. Alipenda majengo ya kisasa, yasiyo na mapambo, ambayo uzuri wake ni mistari yenyewe. Akajiuliza, kwa nini nywele zisikatwe hivyo? Mwaka 1963 alimkata mwigizaji Nancy Kwan nywele zake ndefu nyeusi, bobu iliyo fupi kisogoni na ndefu mbele, na picha zake zikaenea duniani. Umbo lilitoka kwenye mkato. Mtu anaosha, anatikisa kichwa, nywele zinarudi mahali pake.

Dada yangu hajapata kumsikia Sassoon, ila kanuni anaijua kwa mikono. Alinieleza hivi. Nywele nyembamba si lazima ziwe chache, ni kila uzi peke yake ndio mwembamba. Zikiwa ndefu hulala kwa uzito wake, na kwa kuwa nyingine hukatika njiani, ncha hubaki chache. Ukizikata zote mstari mmoja, kidevuni au juu yake kidogo, ncha zote hukutana mahali pamoja na jicho linaona wingi. Usikubali kukatiwa tabaka nyingi, wala kupunguziwa kwa wembe, maana utapunguza kile unachokitafuta. Mafuta kidogo mno, tena nchani, yakizidi zinashikana. Ukikausha, inamisha kichwa ili mashina yainuke. Njia ya katikati ukiihamishia upande wa pili, nywele zinasimama zenyewe. Ukitaka kubadilisha, bana upande mmoja nyuma ya sikio. Na hizi zetu zilizotiwa dawa, pasi ya moto isiwe kila siku.

Wiki mbili baadaye yule mama alirudi. Alikaa kwenye kiti bila kuongea, akavua kitambaa, akakikunja vizuri mapajani. Dada akamuuliza, "Mama, tusubiri simu?"

"Kata, mwanangu," akasema.

Ilichukua chini ya saa moja. Nilipomgeuzia kioo aone kisogo, aligusa zile ncha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepima unga. Kweli zilikuwa zimejaa. Sikuuliza kama baba watoto alikubali. Akili ni nywele, walisema wahenga, kila mtu ana zake. Nilifagia zilizoanguka, nikalitoa daftari langu chini ya taulo.