Lambo Lichimbwe Wapi?

Mwaka 1960, kampuni ya Spartan Air Services ya Ottawa, iliyopima ardhi kwa picha za ndege, iliombwa itafute mahali pa kupanda msitu wa kibiashara nchini Kenya. Vigezo vilikuwa vingi, na kila kimoja kilihitaji ramani yake. Kisha ramani zilazwe moja juu ya nyingine ili ionekane zinapokubaliana. Gharama ya kuifanya kazi hiyo kwa mikono ilikuwa kubwa mno, ikaachwa. Mwanajiografia wao, Roger Tomlinson, hakuliacha wazo: kwa nini kompyuta isizilaze ramani hizo? Kanada ikampa nafasi ilipohitaji kuorodhesha ardhi yake, na mfumo wa taarifa za kijiografia ukazaliwa.

Zana hiyo ilichelewa kumfaa mchimba lambo wa Afrika Mashariki, maana yeye kwanza anataka kujua mwinuko. Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada miinuko ya takriban asilimia 80 ya nchi kavu. Afrika ikapata vipimo vya kila mita 90.

Kompyuta sasa ingeweza kulifuata tone la mvua. Huchukua kila mraba, huulinganisha na majirani wake wanane, kisha huyapeleka maji kwenye mteremko mkali kuliko yote. Ikirudia hivyo, mikondo hujichora yenyewe. Juu yake huwekwa ramani za mvua na udongo, kwa kuwa mfinyanzi hushika maji na kichanga huyanywa. Bonde likibana huku nyuma yake pakiwa papana, tuta fupi litazuia maji mengi.

Lakini mraba wa mita 90 ni kama ekari mbili: lambo zima la kijiji laweza kupotelea humo, na kosa la mwinuko likazidi kimo cha tuta. Vipimo vya mita 30, vilivyotolewa kwa Afrika mwaka 2014, vilipunguza tu safari za kwenda kukagua. Mpimaji bado huchimba mashimo ya udongo, na akiwa na busara huwauliza wafugaji maji hutuama wapi mvua zikiisha.

Ukambani, nchini Kenya, swali liligeuka. Huko tope lilijaza mabwawa mengi ya enzi ya mkoloni, lakini katika bwawa la mchanga, mchanga wenyewe ndio tangi: ukuta hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu, mafuriko huuleta mchanga, na maji hukaa kati ya chembe zake, jua lisiyafikie. Mchora ramani wa huko hatafuti mfinyanzi. Hutafuta mwamba usio mbali, kingo imara, na vilima vinavyomwaga mchanga wa chembe kubwa.