Kiini Cheusi cha Ubongo na Historia ya Kujulikana Kwake

Mwendo ni neema ambayo mwanadamu haikumbuki mpaka imwondokee. Mtu hutaka kuinuka akainuka, hutaka kushika kalamu akaishika, wala hajiulizi ni nani aliyepokea amri yake akaitimiza. Lakini chini kabisa ndani ya ubongo pana mafungu ya chembe, yafaayo kuitwa viini vya kitako, ambayo kazi yake mojawapo ni kuamua mwendo upi upewe ruhusa na upi uzuiwe. Elimu ya viini hivyo ilichukua zaidi ya miaka mia tatu kukomaa.

Mwaka 1664 Thomas Willis, tabibu wa Kiingereza, alitoa kitabu juu ya ubongo. Humo alikieleza kiini chenye michirizi, akakisia kwamba hapo ndipo hisia zinapofikia na amri za mwendo zinapotokea. James Parkinson wa London alipoandika mwaka 1817 juu ya ugonjwa wa kutetemeka, aliwaeleza wagonjwa sita, baadhi yao akiwa amewaona njiani tu. Dalili alizitaja kwa usahihi: mkono utetemekao hali umetulia, kiwiliwili kilichoinama mbele, na hatua zigeukazo mbio pasipo hiari. Chanzo, hata hivyo, alikitafuta penye sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Karne nzima ikapita, hata Konstantin Tretiakoff alipoonyesha mjini Paris mwaka 1919 kwamba chembe za kiini cheusi zimepotea katika bongo za wagonjwa hao.

Kujua mahali pa maradhi si kujua dawa yake. Mwaka 1957, huko Sweden, Arvid Carlsson na wenziwe waliwapa sungura dawa ya reserpini, nao wakazubaa wasijongee. Walipodungwa levodopa, ambayo mwilini hugeuka kuwa dopamini, waliamka wakatembea. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, mjini Vienna, walipima bongo za marehemu, wakakuta dopamini imepungua mno katika kiini chenye michirizi cha waliougua maradhi ya Parkinson. Kiini cheusi ndicho kipelekacho dopamini huko; kikifa, mto hukauka. Mwaka 1961 Hornykiewicz na Walther Birkmayer walitangaza kwamba wagonjwa waliodungwa levodopa, wasioweza hata kuketi, waliinuka na kutembea kwa saa chache. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kwamba dawa ikimezwa kwa kipimo kinachoongezwa pole pole, nafuu hudumu. Hata hivyo haikuwa tiba kamili: chembe huendelea kufa, na baada ya miaka wagonjwa wengi hupatwa na mitukutiko wasiyoitaka.

Hapo ikadhaniwa kwamba dopamini ni mtumishi wa mwendo tu. Wolfram Schultz, akichungua nyani katika miaka ya 1980 na 1990, aliona zaidi. Chembe za dopamini zilishtuka nyani alipopata tone la maji ya matunda asilolitarajia. Alipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia tone hilo, zilishtuka kwa ishara, si kwa tone. Na tone lilipokosekana, zilinyamaza. Kwa hiyo chembe hizo hupima tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na tofauti hiyo ndiyo mwalimu. Viini vilivyompa mtu hatua ndivyo pia vimjengeavyo mazoea, mema na mabaya. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa waliopewa dawa zinazoiga dopamini walishikwa na uchu wa kamari wasiokuwa nao kabla.

Historia hii yawahusu pia watu wa Afrika ya Mashariki. Uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Tanzania, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliopatikana hawakuwa wametambuliwa kabla na tabibu yeyote. Miaka arobaini ilikuwa imepita tangu kazi ya Cotzias. Mzee asiyeweza kuvuka kizingiti cha nyumba yake huweza kudhaniwa kuwa mvivu, au mwenye kiburi, au kwamba umri tu umemlemea, kumbe nia yake i nzima na mjumbe wake ndiye aliyekufa. Elimu isiyomfikia mtu huyo haijamaliza safari yake.