Uwiano wa Picha: Kutoka Mkanda wa Edison hadi Skrini ya Simu

Picha za sinema zilizaliwa ndani ya mstatili, na umbo la mstatili huo limegombaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Dickson, aliyefanya kazi kwa Thomas Edison huko New Jersey, alichagua mkanda wa milimita 35 na kuipa kila picha kimo cha matundu manne ya pembeni. Upana ukawa sehemu 4, kimo sehemu 3. Huo ulikuwa uamuzi wa karakana tu, lakini dunia nzima iliufuata. Sauti ilipoingia ikadai nafasi yake kwenye mkanda, na mwaka 1932 Hollywood ikakubaliana uwiano wa 1.37 kwa 1. Televisheni nayo ikarithi 4 kwa 3.

Televisheni ilipoanza kuwabakiza watu majumbani, wenye sinema walijibu kwa kutanua skrini. Mwaka 1952 Cinerama ilitumia projekta tatu kwa pamoja. Mwaka uliofuata filamu ya The Robe ilileta CinemaScope, iliyotegemea lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien. Lenzi hiyo iliubana upana wa picha hadi nusu wakati wa kupiga, na nyingine ukumbini ikaukunjua kwa kipimo kile kile. Naipenda hesabu hiyo kwa uaminifu wake: kilichobanwa mara mbili kilikunjuliwa mara mbili, na uso wa mwigizaji ukamfikia mtazamaji ukiwa mzima.

Uaminifu huo ulivunjika sebuleni. Mwaka 1961 kituo cha NBC cha Marekani kilipoanza kurusha filamu za skrini pana, picha hazikuenea kwenye televisheni za 4 kwa 3, basi mafundi wakakata pande. Waigizaji wawili waliosimama kwenye ncha mbili za skrini wakizungumza, mmoja alitoweka. Mwongozaji Sydney Pollack alifika hadi mahakamani nchini Denmark kuitetea filamu yake dhidi ya ukataji huo. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana anayekata picha anaamua upya nani aonekane.

Suluhu ilianzia kwenye karatasi. Katika miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers alichora mistatili ya viwango vyote vilivyokuwa vikitumika, yote ikiwa na eneo sawa, akaipanga mmoja juu ya mwingine kwa kulinganisha vitovu. Mstatili mkubwa ulioizunguka yote ulikuwa na uwiano wa takriban 1.78 kwa 1, na ule mdogo uliokuwamo ndani ya yote vilevile. Ndiyo 16 kwa 9 ya leo.

Kwetu umbo hilo lilienea pamoja na televisheni bapa na matangazo ya dijitali, ambayo Tanzania iliyahamia kuanzia mwisho wa 2012. Likaja na balaa lake: mkanda wa zamani wa harusi, uliopigwa kwa 4 kwa 3, ukivutwa ujaze skrini mpya, bibi harusi hunenepa kwa theluthi nzima.

Kwenye intaneti vita vilianza upya. YouTube ilipozaliwa mwaka 2005, msimbo wa kupachika video katika ukurasa mwingine ulitaja upana na kimo kwa pikseli, namba mbili zisizobadilika. Mwishoni mwa 2008 mtandao huo ukahamia 16 kwa 9, na kurasa zilizopangwa kwa umbo la zamani zikabaki na mistari myeusi. Kisha zikaja simu. Mwaka 2010 mbunifu wa kurasa za wavuti Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza kurasa zinazojipima kwa skrini, lakini fremu ya video haikujua uwiano wake. Chukua video ya pikseli 640 kwa 360. Ukiipunguza upana hadi 480 ukasahau kimo, utapata pikseli 45 za weusi juu na nyingine 45 chini. Kimo sahihi ni 270.

Mtengenezaji wa kurasa Thierry Koblentz alikuwa ametoa dawa ya tatizo hilo mwaka 2009. Pambizo ya ndani ikiandikwa kwa asilimia, kivinjari huihesabu kutokana na upana wa eneo lililoizunguka, hata pambizo ya chini. Basi upe mfuko wa video pambizo ya chini ya asilimia 56.25, yaani 9 gawanya kwa 16, na kimo kitaufuata upana popote. Mbinu hiyo ilibeba kurasa nyingi mno hadi mwaka 2021, vivinjari vikuu vilipoanza kuelewa amri ya kutaja uwiano moja kwa moja.

Kwa hiyo wewe unayepanga ukurasa, andika uwiano, upana uwe asilimia 100, kimo kijihesabu chenyewe. Na kama video ilipigwa kwa simu iliyosimamishwa, 9 kwa 16, iache isimame.