Nyota ya Jaha na Upeo wa Sarang'ombe

Neno jaha katika Kiswahili lina maana mbili. Ya kwanza ni heri na fahari: mtu mwenye bahati husemwa kuwa ana nyota ya jaha. Ya pili ni jina la nyota ya kaskazini, iliyo karibu na ncha ya mbingu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maana ya pili ni urithi wa mabaharia, na kwamba wasemaji wengi wa Kiswahili wameurithi pasipo nyota yenyewe.

Tangu kabla ya Ptolemaio wa Iskandaria, wa karne ya 2, wanafalaki wamezipanga nyota kana kwamba zimebandikwa ndani ya tufe kubwa linaloizunguka dunia. Tufe hilo halipo. Ni chombo cha hesabu tu. Ncha zake zimeelekeana na ncha za dunia, na ikweta yake imeelekeana na ikweta ya dunia. Mahali pa nyota hutajwa kwa vipimo viwili: umbali wake kaskazini au kusini mwa ikweta hiyo, na umbali wake kuelekea mashariki kutoka nukta ambapo jua huivuka ikweta mwezi Machi. Vipimo hivyo havitofautiani kwa watazamaji. Kinachotofautiana ni upeo wa macho. Kila msafiri aendapo kusini digrii moja, ncha ya kaskazini huteremka digrii moja.

Historia ya Kibera yathibitisha jambo hilo. Wanubi, ambao asili yao ni askari waliotoka Sudan, waliwekwa hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita kibra, yaani msitu. Khartoum, nyota ya kaskazini husimama kama digrii 15 juu ya upeo. Lado, kama digrii 5. Sarang'ombe, zaidi kidogo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, nyota hiyo imekwisha kuzama.

Mabaharia walikuwa wameyajua hayo zamani. Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika karne ya 15, aliiita nyota hiyo al-jah, na kimo chake kilipimwa kwa vidole. Chombo kilipoteremka kuelekea Kilwa na Sofala, nanga ya macho ilihamia kwenye nyota nyingine, kama al-Farqadan. Hivyo pwani ya Waswahili ililipokea neno mahali ambapo nyota yenyewe ilikuwa ikiaga. Si ajabu kwamba maana iliyobaki hai vinywani ni ile ya bahati.

Kilimia ni kinyume chake. Jina hili limetokana na kulima, na kundi hilo huonekana na Waswahili wote. Kuzama kwake jioni, kati ya Aprili na Mei, huenda sambamba na masika.

Funzo kwa waundaji wa istilahi ni dhahiri. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya huanza na nyota zinazoizunguka nyota ya kaskazini pasipo kuzama. Sarang'ombe, nyota huchomoza wima na kuzama wima, na karibu mbingu nzima hupita machoni katika mwaka mmoja. Mwanafunzi wa hapo akifasiriwa tufe la mbingu kwa kuelekezwa kwenye nyota asiyoweza kuiona, atakariri maneno tu. Afadhali aanze na Kilimia.