Kulea watoto na kuweka akiba: Gharama zinazojulikana zisigeuzwe dharura

KILA ifikapo wiki ya kwanza ya Januari, maduka ya sare na vifaa vya shule katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hufurika wazazi. Wengi hununua kwa fedha za kukopa, tena kwa haraka, kwa bei ambayo muuzaji anajua fika kwamba mnunuzi hana nafasi ya kuikataa. Fedha ya mwisho wa mwaka ilikwishakwenda kwenye nauli ya kijijini, nguo za sikukuu na pilau.

Cha kushangaza ni kwamba tarehe ya kufungua shule hutangazwa mapema. Mzazi aliyepata mtoto mwaka huu anaweza kuandika leo hii, kwenye karatasi moja, mwaka ambao mtoto huyo ataingia darasa la awali, mwaka wa darasa la kwanza na mwaka wa kidato cha kwanza. Gharama kubwa za kulea mtoto mjini, ukiondoa ugonjwa, hazimjii mtu usiku kama mwizi. Hata hivyo katika nyumba nyingi hushughulikiwa kama msiba: watu hukimbia huku na kule, hupigiana simu na kukopa.

Ushauri wa kawaida kuhusu akiba ni kumtaka mzazi apunguze matumizi. Ni ushauri mzuri, lakini kwa familia ambayo imekwishapunguza hadi mahali ambapo hakuna tena cha kupunguza, hausaidii sana. Penye faida kubwa zaidi ni katika kuzipanga gharama kwa majira yake, kisha kuitafutia kila fedha mahali panapolingana na muda wake. Fedha ya Januari ijayo na fedha ya chuo kikuu hazistahili kulala chungu kimoja.

Tuanze na shule, maana ndiko kunakoumiza. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001. Kuanzia Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 serikali ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Wapo wazazi waliodhani kuwa mzigo umekwisha. Lakini ada iliyofutwa katika sekondari za kutwa ilikuwa Sh20,000 kwa mwaka, na katika za bweni Sh70,000. Kilichobaki mikononi mwa mzazi ndicho kizito: sare, viatu, madaftari, nauli ya daladala, chakula cha mchana, masomo ya ziada na michango ambayo huitwa ya hiari.

Tuchukulie familia yenye watoto wawili ambayo Januari huhitaji Sh300,000 kwa mahitaji hayo. Kiasi hicho kikigawanywa kwa miezi 12 ni Sh25,000 kwa mwezi, au chini kidogo ya Sh6,000 kwa wiki. Mama lishe au dereva wa bodaboda anaweza kukitenga, ingawa kwa taabu. Sasa tuchukulie kwamba hakikutengwa, na familia ikakopa kwa mtu anayetoza riba ya asilimia 20 kwa mwezi, jambo ambalo si geni katika mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Riba peke yake ni Sh60,000 kila mwezi. Mkopo ukidumu miezi mitatu bila kupungua, mzazi amelipa Sh180,000 na bado anadaiwa Sh300,000 zilezile. Sare za watoto wawili zimegharimu Sh480,000, na mara nyingi fedha hiyo hutoka kwenye mtaji wa biashara. Genge linapoyumba mwezi Aprili, watu husema biashara ni mbaya. Ukweli ni kwamba liliuawa Januari.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuingizwa kwenye karatasi hiyo ya miaka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2025, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Mzazi aliyezoea kuhesabu miaka saba kabla ya sekondari ana mwaka mmoja pungufu wa kujiandaa.

Miaka ya mwanzo ya mtoto haina ada, na kwa hiyo huonekana nafuu. Kwa kweli ndiyo miaka bora ya kuanza akiba, ilimradi isimezwe na vitu vidogovidogo. Mtoto anayetumia nepi tano za kutupa kwa siku hutumia 1,825 kwa mwaka. Tukikadiria Sh400 kwa moja, hiyo ni Sh730,000, sawa na sare za miaka kadhaa. Nepi za kitambaa mchana, na za kutupa usiku na safarini, huokoa zaidi ya nusu ya fedha hiyo. Kufua kunachosha, na mzigo huo kwa kawaida humwangukia mama. Baba anayependa akiba ashike beseni. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza, ni afya kwa mtoto na pia ni fedha isiyotumika kwa maziwa ya kopo. Nguo za mtumba na za kurithi kutoka kwa binamu hazimpunguzii mtoto chochote, kwani katika mwaka wa kwanza nguo humbana kabla hazijachakaa.

Ugonjwa ndio gharama pekee isiyokuwa na tarehe. Sera ya afya inataka watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure katika vituo vya serikali, lakini mzazi anayejua hali halisi hubeba fedha ya dawa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Yafaa kila mzazi aulize katika ofisi ya bima iliyo karibu naye masharti ya sasa ya kumwandikisha mtoto, kwa kuwa yamebadilika zaidi ya mara moja. Pamoja na bima, fedha ya dharura inapaswa kuwa mahali inapoweza kupatikana saa nane za usiku, na kwa sababu hiyo simu ya mkononi inafaa kuliko benki.

Kwa fedha ya mwaka mmoja, Watanzania wengi wa mijini hutumia vicoba. Mtindo wa vikundi hivi una chimbuko lake nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kusaidia vikundi vya wanawake kuweka akiba na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba waliyokubaliana, na mwisho wa mzunguko hugawana akiba na faida. Vikundi vingi hutunza fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti.

Nguvu ya kicoba ni aibu. Mtu anayejua kuwa Jumamosi majirani 20 watamwona akija mikono mitupu hutenga fedha ambayo benki isingeweza kumlazimisha aitenge. Udhaifu wake mmoja ni wa kalenda: vikundi vingi hugawana Desemba katikati, na mgawo huangukia kwenye sikukuu. Kikundi cha wazazi kinaweza kugawana mwishoni mwa Oktoba na kununua sare na madaftari Novemba, wakati maduka hayajajaa. Hakuna sheria inayokataza, na wanachama kumi wakinunua kwa pamoja hupata bei ya jumla.

Udhaifu wa pili ni usalama. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipopitishwa, vikundi vya kijamii vimewekwa katika daraja la nne la watoa huduma hizo na vinatakiwa kusajiliwa kupitia serikali za mitaa. Saccos zimo katika daraja la tatu, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mzazi anayealikwa kujiunga aombe kuona cheti, katiba na daftari la mahesabu. Akiahidiwa faida inayotokana tu na watu wapya kuingiza fedha zao, aondoke. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walioambiwa wapande mbegu kisha wavune katika mpango wa DECI walibaki na stakabadhi mikononi serikali ilipousimamisha, na ada za watoto zilikuwa miongoni mwa mbegu hizo.

Fedha ya miaka kumi na zaidi inahitaji mahali pengine kabisa. Kibubu humfundisha mtoto nidhamu, lakini hakiwezi kushindana na kupanda kwa bei. Mfumuko wa bei nchini, ambao mwishoni mwa mwaka 2011 ulikaribia asilimia 20, umekuwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa wastani wa mwaka tangu 2018. Hata kwa asilimia 4 tu, Sh1,000,000 iliyofichwa chini ya godoro kwa miaka 14 itanunua vitu ambavyo leo vinapatikana kwa takriban Sh577,000. Akaunti ya benki ni salama zaidi, kwani Bodi ya Bima ya Amana ilipandisha kinga ya mwenye amana kutoka Sh1,500,000 hadi Sh7,500,000 mwaka 2023. Hata hivyo riba ya akaunti ya kawaida ya akiba huwa ndogo.

Zipo njia mbili ambazo mzazi wa kipato cha kati anaweza kuzifikia. Ya kwanza ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ukiwamo Mfuko wa Watoto wa UTT ulioanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya watoto wenye umri chini ya miaka 18. Mzazi huongeza kidogokidogo kadiri apatavyo. Thamani ya vipande hupanda na kushuka, na fedha hii haikingwi na bima ya amana. Ya pili ni hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada, ambazo kiwango chake cha chini ni Sh1,000,000. Hizi hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Ile iliyotolewa Januari italipa Julai na Januari, na mzazi mwenye kalenda yake mkononi ataona mara moja faida ya jambo hilo.

Uzito wa muda unaonekana kwa hesabu. Anayeweka Sh10,000 kila mwezi kwa miaka 14 huwa ametoa mfukoni Sh1,680,000. Kama fedha hiyo ingekua kwa asilimia 10 kwa mwaka, ikilimbikizwa kila mwezi, angefikisha zaidi ya Sh3,600,000. Akisubiri mtoto afike miaka saba ndipo aanze, kwa kiwango hichohicho atapata takriban Sh1,200,000 tu.

Linabaki swali ambalo wazazi hawapendi kuulizana: nani ataishika fedha hii mwenye akaunti akifariki? Akaunti ya marehemu kwa kawaida haiguswi mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, na miezi hiyo ya kusubiri inaweza kuwa ndiyo ya kufungua shule. Katika kicoba, jina la mrithi liandikwe kwenye daftari siku ya kujiunga. Kwa uwekezaji wa muda mrefu, mke na mume wajue wote wawili namba za akaunti na mahali zilipo hati. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kinachohitajika katika kumfungulia akaunti, ni vyema kikachukuliwa mapema: kwa walio chini ya miaka mitano, RITA imekuwa ikiendesha tangu 2013 mpango wa kuwasajili bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya afya.